Nguvu Mbili Juu ya Ufunguo Mmoja

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Si kazi ya kumfanya mtu akuondokee kitini anapokuona unakuja. Nilizunguka kwa baiskeli kutoka kwetu Kinondo, siku nyingine nikashika njia ya Msambweni, siku nyingine nikapanda hadi Kombani, nikinunua masufuria yaliyotoboka, birika zisizo na mikono, vitasa, sinia, vipande vya mabomba na kila kitu ambacho mwenyewe amekichoka lakini hajawa tayari kukitupa bure. Nikishapata mzigo, nilivuka Likoni nikamuuzia tajiri mmoja Mombasa. Yeye alipima mara moja. Mimi nilipima mara mbili: mara ya kwanza naupima mzigo, mara ya pili nampima mwenye mzigo, maana uso wa mtu hubadilika akiona unarudia.

Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa viwili tu, mizani na sumaku. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza, sahani mbili za bati na mawe ya chuma ya kupimia. Sumaku ilikuwa nene, imepindwa kama herufi ya nuun isiyo na nukta, na niliifunga kamba nikaitia ndani ya kikapu cha baiskeli.

Ukikaa na vyombo hivyo viwili muda wa kutosha unaanza kuvijua tabia, kama unavyowajua majirani. Mizani haichagui. Weka shaba, weka nazi, weka mtoto anayelia, kila kitu kitavutwa chini kwa kadiri yake, na ardhi haiulizi kimetoka nyumba gani. Sumaku ni mchaguzi kama mama mkwe. Shaba nyekundu haiitaki, ya manjano haiitaki, risasi haiitaki. Hata dhahabu, ambayo watu wanakosana na ndugu zao kwa ajili yake, sumaku huipita kama haikuiona. Inachotaka ni chuma.

Kwa hiyo ilikuwa shahidi wangu. Watu wengi walikuwa na vyombo vya chuma vilivyovikwa shaba juu, na wengi wao hawakujua, maana walirithi. Bibi mmoja wa Msambweni aliniletea sinia kubwa inayong'aa, akaniambia ni shaba tupu, ya nyanya yake. Nikaisogeza sumaku, ikadaka.

"Nyanya yako alikuwa na chuma ndani," nikamwambia.

"Alikuwa mgumu, kweli," akasema, akachukua sinia yake akaingia ndani. Sikupata kuinunua, na mpaka leo naona aliyeshinda ni yeye.

Sumaku hiyo niliipata vilimani, nyuma ya Msambweni, mahali ambapo wapima miamba walipiga hema wakitafuta madini. Walikuwa wakitaka watu wa kubeba masanduku, nikaenda, kwa kuwa msimu huo vyuma vilikuwa vimekauka vijijini. Mpima mwenyewe alikuwa Mzungu kijana, mwembamba, anayejua Kiswahili cha kuagiza chakula na kidogo zaidi. Siku ya kwanza aliniondoa karibu yake kama mtu anayefukuza mbuzi. Nikadhani ni dharau. Kumbe ni panga langu. Alikuwa na dira mkononi, na kila nilipomkaribia na lile panga sindano yake ilinigeukia mimi badala ya kaskazini.

Tangu siku hiyo nilikuwa naweka panga chini ya mti kabla ya kumkaribia, naye akaona kwamba nasikia, akawa ananionyesha mambo. Dira ile ilikuwa imetengenezwa kwao. Akanieleza kwamba dunia yenyewe ina sumaku, na sumaku hiyo haiivuti sindano kuelekea kaskazini tu, bali huiinamisha pia. Kwao huinama ncha ya kaskazini. Huku kwetu huinama ile ya kusini. Kwa hiyo mafundi wao huzungushia sindano uzi mwembamba wa waya upande mmoja ili uzito wake uisawazishe, na alipofika huku ilimbidi afungue kioo na kuusogeza waya upande wa pili. Nilimtazama akifanya kazi hiyo kwa ncha ya wembe, bila kupumua. Sumaku ya dunia inaivuta sindano iinuke kaskazini, uzito wa waya unaibonyeza irudi, na katikati ya ugomvi huo sindano inalala sawasawa kama maji kwenye bakuli. Ilikuwa mizani, nikamwambia. Mizani yenye jiwe upande mmoja na sumaku upande mwingine. Akafikiri, akasema ndiyo, ni mizani.

Mimi ni mtu wa biashara, nikamuuliza swali la kibiashara: kati ya nguvu hizo mbili, ipi kubwa?

Akachukua msumari akauweka chini, akatoa sumaku kwenye sanduku la vipuri, akauinua. "Dunia nzima inauvuta msumari huu," akasema, "na sumaku ya kiganja inaushinda mvuto wa dunia nzima."

Nikamwomba anipe sumaku. Nikauacha msumari chini, nikaishika sumaku juu yake kwa upana wa kiganja. Msumari haukutikisika. Nikamwambia, sumaku yako ina nguvu, lakini nguvu zake ni za pale pale. Ukisogea kidogo tu imekusahau. Ardhi haisahau mtu hata akipanda mnazi.

Akacheka, akasema mambo yote mawili ni kweli. Akanieleza kwamba sumaku ina ncha mbili, na kile kinachovutwa na moja husukumwa na nyingine, hivyo ukiwa mbali zinafutana, husikii kitu. Mvuto wa ardhi ni dhaifu sana ukiutazama punje kwa punje, lakini kila punje ya udongo inavuta, na hakuna hata moja inayosukuma.

"Hauna upande wa pili?" nikamuuliza.

"Hauna. Unavuta tu."

Nikamuuliza tena, kwa desturi yangu. Akanijibu vilevile.

Walipovunja kambi, dereva wao alikuwa na mashine ya kuwashia moto ya gari iliyokufa, na ndani yake mna ile sumaku ya nuun. Alitaka jogoo. Nikampa kuku jike aliyekuwa ameacha kutaga, na nikamsifia kwa yale aliyowahi kutaga zamani. Tukaachana kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Nilijifunza baadaye kwamba vyombo vyangu viwili havifai kukaa pamoja. Mzee mmoja wa Mkongani alikuwa ananiuzia vitasa, nikainua mizani juu ya kikapu cha baiskeli, nikapima. Nikahamia kivulini kurudia. Vitasa vilevile vikawa vizito zaidi. Mzee akaniuliza kama shaba yake imenenepa kwa kupumzika. Ilikuwa sumaku ndani ya kikapu, inayavuta mawe yangu ya chuma kutoka chini ya sahani, inayazidishia uzito ambao hayakuwa nao. Nilimlipa kwa kipimo cha kivulini, na tangu siku hiyo sumaku ilikaa nyuma ya baiskeli, mizani mbele.

Nayaeleza haya yote kwanza kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri asubuhi aliyofariki mama. Ningependa kusema nilimfikiria yeye.

Alifariki baada ya sala ya Alfajiri, kitandani mwake, bila kelele. Alikuwa ameumwa tangu mvua za vuli. Dada yangu mdogo alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji ambacho hakuna aliyekihitaji tena. Dada akalia. Mimi nikaenda kukimwaga kikombe nje, nikakisuuza, nikakirudisha mahali pake. Sikuwa najizuia. Hapakuwa na kitu cha kuzuia. Ilikuwa kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, lakini ukiuminya husikii.

Baba alikuwa amekwisha tangulia miaka mingi, kwa hiyo aliyeshika mambo ni ami yetu, mdogo wake baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkavu, na kila neno lake lilikuwa limekwisha amuliwa kabla halijatoka. Alipeleka habari msikitini, akatuma wachimba kaburi, akasema maziko ni baada ya Adhuhuri.

Sasa ni lazima nieleze kasha. Chumbani kwa mama mlikuwa na kasha la mvule lenye kitasa kikubwa cha manjano, na ndani yake alikuwa akiweka amana za watu. Kwetu, mwanamke aliyeaminika alikuwa ndiye benki ya mtaa. Anayesafiri alimwachia kitu, anayeogopa mume alimwachia kitu, anayemwekea binti yake vitu vya arusi alimwachia pia. Kila kitu kilifungwa kitambaa chake, na mama alijua kipi ni cha nani kwa rangi ya kitambaa na namna ya fundo. Chini kabisa aliweka kilicho chake: sanda, bafta nyeupe ambayo jirani aliyekwenda kuhiji alimchukulia, akaiosha kwa maji ya Zamzam na kumrudishia. Kila mwaka mama aliitoa, akaianika chumbani, akaipulizia udi, akaikunja. Na kila mwaka alimwambia dada yangu maneno yaleyale, kwamba siku yake ikifika azikwe kwa hiyo, na kwamba atakayemvisha ni dada. Wanawake kwetu hawaendi makaburini. Hilo la sanda ndilo litakalokuwa fungu la dada, la kwanza na la mwisho, na alikuwa ameahidi.

Ufunguo wa kasha mama aliufunga pindoni mwa kanga, kama wanawake wote wafanyavyo na vitu vidogo. Alioga nao, alilala nao.

Asubuhi ile yalihitajika maji ya kumwoshea. Dada akavuka chumba, akaona kanga ya mama imetundikwa kwenye tendegu la kitanda, akaivuta, akajitanda. Hakufikiri. Yake ilikuwa imelowa machozi, na hii ilikuwa na harufu ya mama. Akaenda kisimani, akainama kuvuta ndoo, pindo likaning'inia juu ya maji, na fundo ambalo mama alikuwa amelifunga kwa mikono isiyo na nguvu tena likaachia.

Alikuja nilipokuwa natandika mikeka ya wageni uani. Alizungumza taratibu, kama anayeuliza bei.

"Kaka, ufunguo umeingia kisimani."

"Ufunguo gani?"

"Wa mama."

Nikamuuliza mara ya pili. Akanitazama tu.

Ami alipopata habari alisema kasha livunjwe. Wanaume wawili wakaanza kutafuta shoka. Dada akazungumza naye kutoka nyuma ya pazia la mlango, na sote uani tulisikia.

"Ami, mumo mna vitu vya watu. Nyumba imejaa, na matanga ni siku tatu. Kasha likivunjwa leo, nani atalifunga?"

"Basi lisivunjwe. Bafta ipo dukani."

"Yake iko ndani ya kasha."

"Mwanangu, bafta ni bafta. Malaika hawaangalii chapa."

"Nilimwahidi, ami."

Mtu mmoja akasema kwamba angeweza kushuka kisimani. Lakini kisima chetu kilikuwa chembamba, kimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe wenye makali kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi, na atakayeingia atavuruga matope, na maji hayo ndiyo ya kumwoshea maiti.

Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema kwamba nina sumaku.

Ami alinitazama kama aliyekuwa amesahau kuwa nipo. Akasema maziko yatasogezwa hadi Alasiri. Ikiadhiniwa Alasiri na ufunguo hauko, atamtuma mtu dukani, na jambo hilo halitazungumzwa tena nyumbani humo. Ilikuwa haki. Maiti haisubirishwi, na yeye alikuwa ametupa nusu siku ambayo wengine wasingetupa.

Nilipofika kisimani na kamba ndipo nilipokumbuka rangi ya ufunguo. Ulikuwa wa manjano.

Nilikaa kwenye ukingo. Kama ni shaba tupu, hata ningeshusha sumaku ya ukubwa wa kilima isingeuona. Ungelala pale chini mpaka Siku ya Kiyama, na sumaku ikipita juu yake kama mgeni asiyejua jina. Lazima uwe chuma kilichovikwa shaba, ule uwongo ambao kila siku niliukataa kwenye milango ya watu. Nikajaribu kukumbuka kama meno yake yalikuwa yamechujuka, kwa maana shaba ya kuvika huchujuka kwenye kona kwanza. Nilikuwa nimeuona kila siku ya maisha yangu, na sikuwahi kuutia sumaku. Huwezi kukagua vitu vya mama yako kama vya mteja. Ufunguo ukaja wazi mbele yangu, mpini wake na tundu lake, wazi kuliko uso wa mwenyewe aliyelala ndani. Meno ndiyo sikuyaona.

Nikashusha. Kisima kilimeza pima tano na ushei za kamba kabla haijalegea. Nikaiburuta chini taratibu, nikavuta.

Mara ya kwanza ilipanda na ndevu. Mchanga wetu wa pwani ile una punje nyeusi, na punje hizo zinapenda sumaku; zilikuwa zimeganda pande zote mbili kama ndevu za mzee asiyenyoa. Nikazifuta kwa shuka, kwa maana sumaku iliyoshiba mchanga haina nafasi ya kitu kingine. Mara iliyofuata ilileta msumari. Kisha mkono wa ndoo ambayo nilikumbuka ilipotea mimi nikiwa mdogo, na ambayo nilipigwa kwa ajili yake. Kisha ndoana. Kila nilichokivua nilikiweka ukingoni, na mkono wangu, bila kuniuliza, ulikuwa tayari unakadiria ratili zake.

Wanaume walikuwa wakija kutazama, kisha wakirudi mikekani. Ami alikuja akasimama nyuma yangu, akauangalia ule mstari wa kutu.

"Leo umepata mzigo bila kutoa hata senti," akasema.

Nadhani alikuwa akinihurumia. Nikamwambia maji yamechukua cha juu.

Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakaenda kusali, wakarudi. Kivuli changu kilianza kuingia kisimani kabla yangu. Nikashusha tena, nikavuta, na sikusikia tofauti yoyote kwenye kamba; ufunguo hauna uzito wa kusikika kwa mkono uliozoea masufuria. Niliuona tu. Ulikuwa pale chini ya uso wa maji, unang'aa manjano, umeshikwa kwenye ncha moja ya sumaku kwa jino lake, na mwili wote unaning'inia. Ndani ya maji kitu huwa chepesi. Kikichomoza, kinarudishiwa uzito wake wote. Nilijua hilo na bado nilivuta. Ufunguo ukatoka majini, ukaning'inia hewani kwa muda wa kusema bismillahi, ukaachia.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Ami alikuwa ameuona. "Ndio wenyewe?"

"Ndio."

"Basi si shaba."

"Si shaba."

Akatikisa kichwa polepole. "Kaka yangu alilipia shaba. Alijisifu kwa kasha lile mwaka mzima."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na ya pekee, kufurahi kwamba mtu wa nyumbani kwetu alitapeliwa. Au niseme nilijua kwamba ni jambo la kufurahia, nikaliweka upande, kama kitu ambacho mtu hununua leo na kukifungua baadaye.

Dada alikuwa amekuja. Hakuuliza. Alinisikiliza nikieleza kwamba chini sumaku inaushika, lakini hewani inashindwa. Ardhi inauchukua palepale juu ya maji. Akaitazama sumaku, akaitazama ndoo.

"Basi usiutoe majini," akasema.

"Vipi?"

"Niletee ukiwa ndani ya maji. Mimi nitakaa chini yake."

Akaishusha ndoo upande wake wa kisima, akaiachia ijae, akaizamisha hadi karibu na sakafu, akashikilia kamba. Mimi nikashusha sumaku upande wangu. Ilichukua muda. Ilirudi na ndevu, ikarudi tupu, ikarudi tena na ndevu. Nilijua walioko uani wanatazama jua na hawataki kutuambia. Kisha nikaona manjano kule chini, katika giza la maji, na nikaacha kuvuta. Tukasogeza kamba zetu bila kusema, yeye akija kwangu na mimi nikienda kwake, mpaka sumaku ikawa juu ya mdomo wa ndoo, ikaingia ndani yake.

"Vuta," nikamwambia.

Akavuta ndoo, nami nikavuta sumaku sawa naye, hatua moja, ndani ya maji ya ndoo. Palepale juu, ndoo ilipogusa ukingo, ufunguo ukaachia kama mara ya kwanza. Ukaanguka ndani ya ndoo. Ardhi ilikuwa imeuvuta kama kawaida yake, ila safari hii tulikuwa tumekaa njiani.

Dada akatia mkono akautoa. Maji yale akaenda nayo ndani, na ndiyo yaliyotumika kumwoshea mama mara ya mwisho, yale yenye karafuu maiti. Kasha likafunguliwa, sanda ikatolewa kutoka chini ya vitambaa vya watu, kasha likafungwa. Muadhini alipoanza Alasiri, dada alikuwa akifunga fundo la mwisho miguuni.

Mimi nilishuka kaburini pamoja na ami kumpokea. Nimeshika vitu vingi mkononi mwangu na kutaja uzito wake kabla ya mizani, na nilikosea mara chache. Nilipompokea mama nilingoja mkono uniambie. Haukuniambia kitu. Tukamlaza kwenye mwanandani, tukapanga mbao, watu wakaanza kutia mchanga, na mchanga ulikwenda chini, wote, bila kusita. Nikalikumbuka lile swali langu kwa yule mpima wa vilimani, ambalo nilimuuliza mara mbili. Hauna upande wa pili. Unavuta tu. Kaburi likajaa, nikajipangusa magoti.

Baada ya matanga hapakuwa na mtu aliyetaka kuufunga ule ufunguo pindoni tena. Dada akaniomba sumaku. Akaifunga kwa kamba kwenye boriti ya chumbani, akaubandika ufunguo chini yake, safari hii kwa mpini, ncha zote mbili zikiushika, ukaning'inia hewani, meno chini, bila kufungwa na kitu. Meno yalikuwa yamechujuka, nikaona, meusi kabisa. Nilipoingia na kutoka nilipitisha mkono chini yake, nadhani kuhakikisha. Ardhi inauvuta kutoka chini, sumaku kutoka juu, na ulitikisika kidogo mlango ukifunguliwa.

Watu wakawa wanakuja kuchukua amana zao. Anayekuja, dada aliuchomoa ufunguo, akafungua, akampa kitambaa chake, akaurudisha juu. Alijua kila fundo. Mama alikuwa amemfundisha bila sisi kujua. Hakuna aliyelalamika. Mimi niliendelea na kazi kwa mizani peke yake, na waliposikia vijijini kwamba sina sumaku, sinia za manjano zilinijia nyingi. Nilinunua shaba kadhaa ambazo tajiri wa Mombasa alizirudisha na kicheko. Sikumwomba dada sumaku. Sikuona haraka.

Aliyekuja mwisho alikuwa mwanamke wa Diani aliyekuwa amesafiri Pemba. Alipewa kitambaa chake cha buluu, akalia sana aliposikia habari, akaenda zake. Kasha likabaki tupu. Dada akalifunga vivyo hivyo, akaubandika ufunguo mahali pake, akaja uani nilipokuwa nachambua vitasa.

"Chukua sumaku yako sasa," akasema. "Watu wanakucheka huko njiani."

Nikaingia chumbani peke yangu. Nikaushika ufunguo kwa vidole viwili, nikavuta. Haukutoka papo hapo. Nilisikia sumaku ikiukatalia, kidogo tu, uzito wa kitu ambacho hakipo, kisha ikaachia.

Nikaurudisha juu. Nikavuta mara ya pili.

Ikakataa vilevile.